Siku nilishambulia ekipe yangu mwenyewe kwa Kingereza

Haya na aibu nilipata siku ile, sina namna ya kuificha, juu salle ya mashindano ilikuwa imejaa batu, donc basi afazali niwaelezee mimi mwenyewe mbele bengine hawajaiongeza chumvi.

Kule Butembo tuko na club ya kujifunza kujadiliana kwa Kingereza, siye vijana tunatafuta kazi ya serikali, ku douane (forodha) ao ku commune (manispaa). Siku moja batu ba Beni bakatualika tupambane nao kule Mulekera, commune moja ya Beni, na musemaji mwenye angeshinda angepewa stage, kazi ya kujifunzia, ku bureau ya commune. Ile stage niliitaka sana (nilikuwa nimemaliza masomo na bado niko nyumbani ninamenya muhogo). Swali lilikuwa: je, commune iondoe bamama benye banauzisha kando ya barabara? Mama yangu mwenyewe anauzisha ndizi kando ya barabara, donc sikufikiri mara mbili, nikaandika maneno ya kubatetea na nikaimeza yote kwa kichwa.

Tulifika Beni na vumbi mpaka ku nyusi. Benzangu bakaenda ku tirage ya kujua nani atatetea upande gani, mimi nikaamua niende kwanza kuosha viatu (viatu, jamani, nani angeangalia viatu). Wakati nilirudi, Paluku, mwenzangu wa ekipe, akanikimbilia.

"Kavira, sikia, kwa tirage tuliangukia..."

"Hapana kunisemesha, Paluku. Maneno itanimwangika."

"Mais Kavira, lakini..."

"Kisha. Nitakusikia kisha."

Nikapanda mbele. Kingereza kikatoka kama maji ya robinet yenye kufunguliwa, nikasema vile bamama ba barabara njo bametusomesha, vile commune haina haki ya kubafukuza, na wapinzani bakaanza kupiga makofi. Nikajisemea, angalia, mpaka wapinzani bamenikubali. Nikaongeza sauti. Nyuma kabisa, mama mukubwa Katungu, dada mukubwa ya mama yangu, mwenye anauzisha unga kule Mulekera, hasikii Kingereza hata neno, naye alikuwa anapiga makofi. Ni ekipe yangu tu ilikuwa imeinamisha vichwa.

"Mutu mwenye anataka kuondoa bamama hawa hana roho," nikasema, na nikageuka kuonyesha mutu huyo kwa kidole. Kidole kikamwangukia Paluku. Mbele yake, ku meza yetu, kulikuwa kibao kimeandikwa POUR, maana yake siye njo tulipashwa kusema baondolewe.

Salle ikapasuka na kicheko. Muzee wa jury akainamia micro, akauliza kwa Kingereza, polepole, "Mademoiselle, uko upande gani?"

Nilitaka kushuka nirudi Butembo kwa miguu. Mais wakati yangu ilikuwa haijaisha, na mudomo wangu ukajibu mbele ya kichwa: "Muzee, hayo njo wapinzani betu batawaambia. Nimebasaidia kuisema muzuri. Sasa musikilize jibu letu."

Hapo sikuwa na kitu nilimeza, nilikuwa na vitu nilishaona tu. Nikasema vile mvua inamupiga mama na ndizi zake, vile moto, ile pikipiki ya abiria, ilimugonga mama mukubwa ku muguu ameketi na unga yake. Nikasema, kama kweli munapenda bamama, mubajengee soko yenye paa, kisha mubatoe mu barabara. Hakuna mutu alicheka tena. Kijana wa Beni akasimama kujibu, akafungua kinywa, akakuta yote alitaka kusema nimeshaisema na nimeshaijibu. Akaketi.

Tulishinda, na stage nikapewa mimi. Paluku alinikumbatia kisha akanitukana, yote mu pumzi moja, na nikamuapia pale pale kwamba kumeza maneno kwa kichwa, hapana tena, maisha yote.

Inje, mama mukubwa Katungu akanishika mukono, anafurahi. "Mwana yangu, ulisema nini?"

Sikuweza kumudanganya. "Mama mukubwa, nilisema mutoke kando ya barabara."

Akaniachilia mukono. "Twende wapi?"

"Mu soko yenye paa."

"Mvua haiingie?"

"Haiingie."

"Basi ulipashwa kuanzia hapo," akasema.