Mwanga Mzuri Sijamwona

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mdudu mmoja alinipa picha tatu na majina mawili, nikabaki sijui nimshike wapi. Kaa vizuri. Wewe ndiyo kwanza umeingia Kidato cha Kwanza, soksi bado nyeupe, na umejiandikisha klabu ya mazingira kwa sababu umesikia tunapiga picha wadudu badala ya kufagia. Mimi niko Kidato cha Tatu. Nimekula chumvi nyingi, ingawa nyingi ilikuwa ya chipsi. Nisikilize.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Bibi yangu analima majani ya maboga Ipogolo, kule chini karibu na mto. Alhamisi asubuhi alikuta majani yamekwanguliwa, mengine yamebaki mishipa tu kama wavu, na juu yake vidudu vyekundu, vya mviringo, vyenye madoa meusi. Jumapili yake binti wa shangazi alikuwa anapata kipaimara, na Bibi alishautangazia ukoo mzima kwamba mboga inatoka kwake. Akipiga dawa, majani hayaliwi mpaka muda wake upite, na Jumapili haingoji. Asipopiga, wageni watakula ugali na mishipa.

Bwana shamba wetu alikuwa kwenye semina Mbeya. Akaniambia kwa simu kwamba vidudu hivyo viko vya namna mbili, vinafanana kama mapacha. Mwenye mgongo unaong'aa kama kapakwa mafuta ni rafiki, anakula wadudu wengine. Mwenye mgongo uliofifia, wenye vinyweleo, ndiye mla majani. Nimtumie picha ya karibu, iliyo safi, atatuambia.

Nikajipiga kifua. Usijipige kifua mapema, mwanangu, kitauma bure.

Picha ya kwanza nilipiga saa saba mchana, jua likiwa utosini. Nikaona jua kali, nikajua nimepata. Kumbe mgongoni kwa mdudu palikuwa na doa jeupe kama upara wa mwalimu wa zamu, na nusu nyingine imefunikwa na kivuli cha kichwa changu mwenyewe. Ya pili nikawasha flashi, simu karibu kabisa. Mdudu akawaka kama kijiko kipya na nyuma yake kukawa giza, ungesema nimempiga usiku wa manane. Nikaituma hiyohiyo. Bwana shamba akajibu: anang'aa, rafiki huyo, mwacheni. Bibi, aliyekuwa ameshajiandaa kupiga, akavua bomba la dawa mgongoni.

Lakini moyo haukutulia. Nikampiga tena, yule yule, chini ya jani, kivulini. Akatoka wa kahawia, mkono wangu umetikisika, hana madoa wala manyoya, yupo tu. Bwana shamba akajibu: huyu amefifia, adui, pigeni dawa. Bibi akavaa bomba.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "huyo mdudu ameokoka na kurudi nyuma kwa dakika kumi?"

Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu, ila hawakusema kisichong'aa ni nini. Nikamwomba anisubiri mpaka kesho asubuhi. Akaweka bomba mlangoni, pale ambapo ningeliona kila nikipita.

Nikawaza kama mwanafunzi wa sayansi: taa ndogo imeshindwa, kwa hiyo dawa ni taa kubwa. Barabarani kuna Babu Shomari, fundi cherehani, wazee wake walitoka pwani, na juu ya cherehani yake ana taa inayotia machozi. Nikaenda mbio.

"Shikamoo, babu. Natafuta mwanga mkali, mzuri, wa kupeleka shambani kwa Bibi."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Akanitazama mpaka nikaangalia kama zipu yangu imefungwa.

"Mwanga mzuri sijamwona, mjukuu wangu," akasema. "Halafu mkali wa nini? Bibi yako amekukosea nini?"

Nikafikiri babu amekosea ngeli. Sisi wa huku ndio tunasifika kwa kuzivuruga, sasa na pwani nao wameanza? Nikanyamazia kwa heshima, nikamweleza kwamba wa kwenye simu nimejaribu, umeniharibia kila kitu.

"Siku hizi wanapatikana mpaka kwa simu?" akauliza, akavua miwani.

Ndipo nikakumbuka kwamba kwao mwanga ni mchawi. Mwanangu, nilivyomwonyesha zile picha alicheka mpaka uzi ukakatika. Kisha akachukua sindano, akaishika juani mlangoni, akaniambia nimwonyeshe tundu. Nikaona mng'ao tu. Akaingia nayo ndani, nyuma ya kitambaa cheupe alichotundika dirishani, na tundu likaonekana wazi kama pete.

"Jua kali halikuonyeshi kitu," akasema. "Linajionyesha lenyewe. Hujashindwa na giza, umeshindwa na kiherehere."

Akanikatia kipande cha kitambaa cha kanzu, nikatoka bado sijaelewa vizuri nimesaidiwa au nimetukanwa.

Kesho yake, baridi ya Iringa ikiwa bado inauma masikio na umande uko kwenye majani, Bibi alishika kitambaa kati ya jua na mdudu. Mimi nikaweka ukurasa mweupe wa daftari chini ya jani, mwanga urudi tumboni kwake. Mdudu alikuwa ameganda, hana haraka na mtu. Nikabana viwiko mbavuni, nikapiga. Vinyweleo vyote vikaonekana, kama kidevu changu. Madoa niliyahesabu mara mbili, nikapata majibu mawili, lakini hilo ni tatizo langu na hesabu.

Nikaituma, nikamweleza bwana shamba walivyoganda, jibu likarudi: mla majani. Bibi akalifuata bomba. Lakini bwana shamba akaongeza: kama baridi imewagandisha hivyo, na bustani yenyewe ni ndogo, waokoteni kwa mkono, muwatie kwenye maji ya sabuni, na mfute mayai ya njano chini ya majani.

Tuliokota Ijumaa, tukaokota Jumamosi. Jumapili mboga ilikuwepo, na mjomba mmoja akauliza kama hii ya matundu ni mbegu mpya. Bibi akamwambia ndiyo.

Basi, mwanangu, shika hili. Ukitaka kumjua mdudu, usimwongezee ukali wa taa, lainisha uliyonayo. Kitambaa cheupe juu, karatasi chini, asubuhi kabla hajaamka. Flashi itakupa jibu la haraka, na Bibi atavua bomba huku majani yanaendelea kuliwa. Na kabla hujatuma picha, jiulize umempiga mdudu au umepiga taa yako.

Nenda, mikono yako itulie, umande ukusubiri, na Mungu akujalie mwanga mwingi. Ule wa kwenye picha. Yule wa Babu Shomari akupite mbali.