Mrija wa Mfinyanzi

Nakumbuka siku moja ya gulio, mwanangu, nikiwa nimeolewa juzi tu pale Murungu, bado natembea nikitazama chini kama tulivyofundwa. Asubuhi mama mkwe akaniambia, "Jifunge kitenge, twende Kibondo tukakutafutie chungu. Mwanamke hapikii maharage kwenye sufuria la kuazima."

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mwanamke mnene, mwendo wa taratibu, ulimi wa haraka. Mimi nilimwogopa. Hata baba mkwe alimwogopa, ila yeye alisema ni heshima.

Wewe gulio unalolijua ni la ndoo za plastiki na viatu vya mitumba. Lile letu, mwanangu, lilikuwa limetandazwa juani na kila kitu kimetoka mikononi mwa mtu. Mikeka ya mafunjo bado inanuka bonde. Nyungo zilizosukwa zikabana hata unga wa muhogo hauponyoki. Vigoda vya gogo moja, havina msumari hata mmoja, na mhunzi mzee kapanga majembe yake kwa ukubwa kama watoto wa darasa moja. Nilishika hiki, nikaacha, nikakimbilia kile. Nilisahau kabisa kutazama chini. Mama mkwe akanicheka, "Tazama mwanangu, tazama. Macho hayana pazia."

Vyungu vilikuwa mwisho kabisa, ng'ambo ya mfereji, mbali na kila mtu. Loo, vyungu vile! Vyeusi, vinang'aa, shingoni vimezungushwa alama za kamba ya nyasi, zimekaa sawasawa mpaka unajiuliza mtu huyu alipimia nini. Hakupimia kitu. Alipimia jicho lake.

Nilijua kwa nini viko mbali. Mfinyanzi mwenyewe, Mama Skolastika, alikuwa Mtwa, wa kabila lile dogo la wafinyanzi, aliyetoka upande wa Burundi na wanawe akakaa karibu na Nyabibuye. Na siku zile watu walipikia vyungu vya Watwa lakini hawakunywa nao pombe kwa mrija mmoja. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeuliza. Mteja alionyesha chungu kwa ncha ya mguu, akatupa pesa chini, akaenda zake bila salamu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu hata gaeni alilia peke yake.

Siku hiyo tulimkuta anafunga vyungu vyake kwa majani makavu ya migomba, na saa zenyewe bado mapema. Kijana mmoja muuza rubisi alikuwa amemwambia asogee mbali zaidi, eti wateja wake pombe haiwapiti kooni wakimwona. "Nasogea," mama yule akamjibu, "nasogea mpaka nyumbani. Hapa hamtaniona tena." Gulio lile ndilo lililowalisha wanawe, na kila mtu pale alijua hivyo.

Mama mkwe akasikia. Akavuka mfereji, mimi nyuma yake, akainama, akagonga chungu kimoja kwa kidole, kikalia vizuri. Akagonga cha pili. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye mkeka wa mfinyanzi, na akaanza kupiga makofi ya salamu.

"Mwidiwe!"

Unazijua salamu zetu Waha, hazina haraka. Makofi, mwidiwe, za nyumbani, makofi, za watoto, za shamba, za mvua. Mama Skolastika aliduwaa, majani ya migomba mkononi. Halafu mikono yake ikakutana, akaanza kuitika, kwanza polepole. Gulio zima likageuka kutazama.

Salamu zilipokwisha, mama mkwe akasema, "Jua hili linachoma! Hicho kibuyu chako kina nini?"

"Rubisi kidogo, mama. Lakini ni ya kwetu."

"Kwani nimeuliza ni ya nani?"

Akachukua kibuyu, akanyonya mrija ule ule wa mwenyewe, taratibu, kama mtu aliye kwake. Akanigeukia. "Kunywa, mkwe wangu."

Niliona wake wa jirani zetu wamesimama mdomo wazi. Nikajua kabla sijafika Murungu habari itakuwa imeshafika. Lakini kati ya maneno ya watu na jicho la mama mkwe, nilichagua mrija. Nikanywa. Ilikuwa rubisi nzuri, nakuapia, nzuri kuliko ya yule kijana.

Kijana akashindwa kuvumilia. "Mama, huyo ni Mtwa!"

"Jana ulikula maharage?" mama mkwe akamuuliza.

"Nilikula."

"Yalipikwa kwenye nini?"

Kijana akavitupia vyungu jicho. Mama mkwe akajijibu mwenyewe.

"Kwenye chungu. Na chungu kilifinyangwa kwa mikono hii. Umeila mikono hii tangu mama yako anakulisha uji, hukufa. Leo ndio mrija utakuua?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akainamia mitungi yake, akawa anapanga kilichokwisha kupangwa.

Sikudanganyi kwamba siku ile ilibadilisha kila mtu. Wapo walioendelea kuonyesha kwa mguu. Ila wanawake wawili walivuka mfereji, wakasalimu, wakapokea vyungu mkono kwa mkono, kama tulivyopokea changu. Na Mama Skolastika akafungua majani aliyokwisha kufunga, kimoja kimoja, analia na kutabasamu kwa pamoja. Gulio lililofuata alikuwepo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja Murungu, akaingia ndani, akakaa mkekani nasi, na mrija ukazunguka ukamfikia kama unavyomfikia kila mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Utakwenda kwenye masoko ya Kasulu, Kibondo, Buhigwe, utaona mikono ya watu imefanya maajabu, na utatoa simu yako upige picha. Piga, sikukatazi. Lakini usisifu kikapu ukampita msusi kama kigingi. Msalimie kwanza, muulize jina, pesa umpe mkononi, akikukaribisha kaa. Na ukiona mtu amewekwa ng'ambo ya mfereji, usingoje wengine wavuke. Nenda ukae naye mchana, watu wanaona, kwa sababu heshima ya kificho haimfuti mtu machozi.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe kazi nzuri ya mikono, na watu wa kuijua. Na popote utakapokuwa mgeni, umkute mtu atakayekusogezea mrija wake bila kuuliza wewe ni wa nani.