Sera ya Dini, Sera ya Nje

Mwaka 1973, ungemkuta Rasik kiwandani London akipanga biskuti kwenye makopo, ukamwuliza kazi yake, angekujibu bila kupepesa macho kwamba yeye ni mwalimu wa historia. Si kwamba aliwahi kuwa. Ni mwalimu, basi.

Kwa hiyo shule moja ya Ilford ilipomwita afundishe kipindi kimoja cha majaribio, alinyoa ndevu mara mbili. Akifaulu, anaaga biskuti. Asipofaulu, ana miaka hamsini na mbili, na shule nyingine zote alizoziandikia hazikujibu hata kwa kumtukana.

Mada waliyompa ilimchekesha peke yake ndani ya treni: Ferdinand na Isabella, wafalme Wakatoliki wa Hispania. Hiyo aliifundisha Jinja, Uganda, miaka minane, na daftari lake alikuwa nalo mapajani. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari: kushoto sera ya dini, kulia sera ya nje. Yeye alisoma, wanafunzi wakanakili, mtihani ukaja, wakapasi. Kushoto Jumatatu, kulia Jumatano. Kuzichanganya pande hizo kwake ulikuwa utovu wa nidhamu.

Darasani, mwalimu mkuu, Bi Ann, alikaa nyuma na kalamu yake. Rasik akaanza kwa sauti ileile ya Jinja. Mwaka 1492 wafalme waliamuru kila Myahudi abatizwe au aondoke. Wakapewa miezi minne. Dhahabu na fedha marufuku kutoka nazo. Matokeo: nchi ikawa ya imani moja. Kalamu zilikimbia, na hata Bi Ann alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. “Walikwenda wapi, sir?”

Upande wa kushoto haukusema, lakini Rasik alijua. “Wengi walivuka mpaka, wakaingia Ureno.”

“Wakawa salama huko?”

Macho ya Rasik yakahamia upande wa kulia, namba tatu: binti wa wafalme kuolewa na mfalme wa Ureno, mafanikio makubwa. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, sharti la ndoa: Ureno nayo iwafukuze Wayahudi. Miaka minne tu baadaye. Watu walewale! Miaka minane mwalimu huyu aliwafukuza Jumatatu, Jumatano akawafukuza tena kwa jina la harusi, na hakuwahi kuona kwamba ni wao.

Naye kwao ni Unguja. Mwaka 1964, Mapinduzi yalipozuka, alikimbia na mkewe Pramila na binti yao Sudha, wakaanza upya Jinja. Mwaka 1972 Uganda ikawapa Wahindi siku tisini waondoke.

“Sir?”

Akageuza ukurasa mbele, akaurudisha nyuma, akaugeuza tena. Watoto wakaanza kucheka, mmoja akarusha karatasi, kengele ikalia. Bi Ann akamwambia, kwa upole mtupu, kwamba darasa linahitaji mtu wa kulimudu, tena akamwuliza kama angependa chai kabla ya safari. Upole wa namna hiyo, Mungu apishie mbali.

Pramila alimpokea koti mlangoni mwa chumba chao cha Tooting. “Haya, Baba Sudha, hiyo interview imekwendaje?” Wenyewe kwa wenyewe, Kiswahili cha Unguja hawakukiacha.

Akamweleza yote, mpaka lile swali.

“Swali dogo hilo!” Pramila alijipiga paja kwa uchungu. “Si ungesema tu ndio, walitulia huko? Watoto wale wangejuaje?”

“Nilitaka. Sikuweza. Ni uongo, Pramila.”

Pramila akakaa kitandani, koti bado liko mikononi.

“Jinja uliniambia hapa tumefika, hapa ni salama. Na hapa London unaniambia vivyo hivyo kila asubuhi, nikiogopa kutoka nje kwa matusi ya mtaani.” Akamtazama mumewe usoni. “Mbona mimi unaweza kuniambia?”