Mgeni wa Chumba cha Mbele

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, mwezi wa nne, na masika yalikuwa yameshika kweli. Mchuuzi wa samaki alipita mbele ya hoteli yetu na baiskeli yake, hakusimama, akapiga kelele kwenye mvua:

"Mzee! Tengeneza chumba! Mgeni anavuka!"

Basi, hayo tu, akatokomea upande wa Lipangalala.

Hoteli yetu ilikuwa na ukumbi wa chai na wali, jiko la mama kwa nyuma, na vyumba vitatu vya kulala. Viwili walilala wafanyabiashara wa mpunga. Cha tatu, chumba cha mbele, kilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua na shuka nyeupe, na hakulala mtu. Baba alikuwa amekiweka kwa ajili ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ambaye kila alipovuka mto kutoka Mahenge alitupita akaenda kulala kwenye nyumba ya serikali.

Mama naye alikitaka chumba hichohicho kwa wajawazito. Mto ukifurika, wanawake wa ng'ambo walikuja mapema wakae karibu na hospitali, na wasiokuwa na ndugu mjini walilala kwenye baraza za sokoni. Kila jioni mimi na mama tuliwapelekea uji. Kila tuliporudi, yeye na baba walibishana.

"Wanalala na matope yao, mume wangu."

"Na Bwana Shauri akija nimlaze wapi? Jikoni kwako?"

"Tangu tufungue hoteli kaja mara ngapi?"

Hapo baba alikuwa anakumbuka kazi fulani uani.

Kwa hiyo Alhamisi ile alivyosikia mgeni anavuka, aliruka. "Mmesikia? Anavuka!" Shuka zikapigwa pasi upya. Bata akachinjwa. Kisha akanigeukia.

"Wewe msomi wetu, utampokea mlangoni. Kwa Kiingereza."

Nilikuwa likizo kutoka sekondari ya masista. Kiingereza nilikiandika vizuri, lakini kukitamka mbele ya mtu! Hata wateja wa chai niliwapelekea vikombe huku natazama sakafu. Nilikwenda nyuma ya banda la kuni nikawa nawasalimia kuku. Mama akanikuta.

"Wamekujibu?" akauliza, akaondoka na kuni zake akicheka.

Kama saa kumi hivi tukasikia watu wengi wanakuja. Baba akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Mimi nikasimama mlangoni, nikafumba macho, nikatoa salamu yangu yote ya Kiingereza bila kupumua, hadi lile neno la mwisho la kumheshimu mwanamume.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti. "Chumba kiko wapi?"

Nikafumbua macho. Mbele yangu alisimama bibi mmoja, kaniki yake inachuruzika maji. Nyuma yake wanaume wanne walikuwa wamebeba machela, na juu yake alilala msichana, pengine ananizidi miaka miwili tu, tumbo kubwa, ameuma pindo la khanga.

Baba alichungulia nyuma ya machela. "Mgeni yuko wapi?"

Bibi akaonyesha lile tumbo. "Huyu hapa. Ulitaka mgeni gani mwingine? Nilimwambia mtu wa samaki, waambie wale wa uji mgeni anavuka, hospitali hatufiki. Mkwe wangu ameanza uchungu tangu alfajiri, na huyu ndiye wa kwanza."

Kwetu mtoto anayezaliwa huitwa mgeni. Baba alilijua hilo kama kila mtu, lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa yamemsubiri mtu mwingine.

"Lakini chumba kile…" alianza.

"Ni cha mgeni," mama akasema. "Na mgeni kafika. Ingizeni!"

Wakamwingiza, na miguu yao ya tope, hadi kwenye shuka nyeupe. Mama akamtuma mmoja wa wabebaji kumwita mkunga wa hospitali. Mimi nilipewa kazi ya maji ya moto. Kila nilipofika mlangoni nilimsikia yule msichana akilia kwamba anakufa, na bibi akimwambia, "Hufi, sukuma!" Safari moja nilijimwagia maji, nikarudi kuteka mengine. Baba alikaa ukumbini, kofia mapajani, na hakuuliza habari za Bwana Shauri hata mara moja. Aliuliza tu, "Mkunga bado?"

Mkunga alifika magoti yake yana tope. Taa zilikuwa hazijawashwa tuliposikia kilio chembamba, chenye hasira. Mtoto wa kike. Bibi akapiga kigelegele, mama akakipokea, na wafanyabiashara wa mpunga wakatoka vyumbani kuuliza kuna harusi gani. Baba mwenyewe aliwapakulia wabebaji yule bata, akawa anamwambia kila aliyepita barabarani, "Tumepata mgeni!"

Asubuhi yule msichana na mtoto wake walipelekwa hospitali kuangaliwa, wote wazima. Mimi nilikuwa uani nafua zile shuka. Baba akaja akasimama.

"Hizo nyeupe ukishazikausha zifungie sandukuni. Tandika za rangi. Hawa watatumalizia sabuni."

"Hawa akina nani, baba?"

"Wageni," akasema, akaenda zake ukumbini.

Nikazianika shuka, nikatandika za rangi, kisha nikaenda sokoni peke yangu. Barazani niliwakuta wanawake wawili wakikamua maji kwenye khanga zao. Nikawaamkia, nikawaambia chumba kipo. Nikachukua mzigo wa mmoja, nikatangulia.