Porini Hakuna Hodi

Wifi yangu Biasha anapalilia nyasi. Sijakosea kusema. Watu wote wa Kilimarondo hupalilia ili kuondoa nyasi shambani. Yeye huingia na jembe kwenye nyasi na kuondoa kila kitu ambacho si nyasi. Mhindi ukijiotea humo, unang'olewa. Ufuta, unang'olewa. Siku alipong'oa mche wa mkorosho, jirani mmoja aliyekuwa akipita alishika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga.

Kaka yangu Hasani, Mungu amrehemu, alimuoa mwanamke huyu, au tuseme aliolewa naye, maana kama wanaume wengi wa huku, yeye ndiye aliyefunga virago akahamia kwa kina mke. Hasani alikuwa fundi wa kuezeka. Biasha alikata nyasi kwenye uwanda alioachiwa na mama yake, akafunga miganda, akamrushia mumewe juu ya paa huku akimtukana kwamba anaezeka kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni asiyempenda. Walipendana sana. Hasani alipofariki, nilidhani Biasha atapanda korosho kama mtu mwenye akili timamu, nikamwambia hivyo.

"Mkorosho una wapenzi wengi, wifi," akanijibu. "Nyasi zina mimi tu."

Nilimcheka, na nikaendelea kumcheka miaka yote. Ndiyo kazi ya wifi.

Tatizo lilianza na tembo. Katika kijiji chetu hakuna mkutano unaoisha bila mtu kusimama na kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wenzetu wa mbali wanawajua tembo kwa methali. Sisi tunawajua kwa mihogo wanayotumalizia. Mwaka mmoja tembo dume wawili walikutana katikati ya uwanda wa Biasha wakapigana mpaka vumbi likaonekana msikitini. Asubuhi tukaenda kumpa pole. Nyasi zilikuwa zimelala chali, kweli. Mvua ziliponyesha zikaamka zote kana kwamba zilikuwa zimejipumzisha tu. Kilichoumia ni choo cha jirani yake, Mzee Kaimu, ambacho tembo aliyeshindwa alipita nacho wakati anakimbia.

Kwenye mkutano uliofuata mtu akaanza, "Wapiganapo tembo..." na Biasha akamalizia kwa sauti, "choo cha Kaimu huumia!"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Tangu siku hiyo methali ile hapa kwetu haisemwi vingine, na watoto wa shule wameiandika hivyo kwenye mtihani. Kaimu hakusahau. Ni mtu wa korosho nyingi na nyumba ya bati kutoka Nachingwea mjini, bati la bluu linalong'aa, lakini familia nzima hushinda nje kuanzia saa nne kwa sababu ndani ni tanuri. Mtu wa hadhi hiyo hataki jina lake likae karibu na neno choo.

Msimu wa mvua ulipofika, Kaimu akapanda miche ya mikorosho ukingoni mwa uwanda wa Biasha, kwa ndani. Mtu wa huku haelezwi maana yake. Mti ni mdomo. Ukiuacha ukashika mizizi, kesho utasema ardhi ni ya nani, na wewe utabaki kubishana na mti. Biasha akaing'oa. Kaimu akaipanda tena, safari hii akaenda kwa mwenyekiti wetu, Imrani, kulalamika kwamba anaharibiwa mazao.

Wajumbe wakaja kutazama. Imrani alisimama ukingoni, nyasi zikamfika kidevuni, akauliza, "Bi Biasha, shamba liko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

"Mimi naona pori."

"Mimi naona mwenyekiti," akasema Biasha, "lakini sisemi kila ninachokiona."

"Hizi nyasi nani alizipanda?" akaingilia Kaimu. "Ni Mungu. Nyasi ni za Mungu!"

Hapo Biasha akamwita Mwalimu Teodosia, anayefundisha sayansi shuleni na ambaye huwaleta wanafunzi wake kwenye uwanda ule kila mwaka kuchimba mizizi na kukimbizana na panzi. Mwalimu akaeleza kwa upole wake kwamba mahindi, mtama, mpunga, muwa, hata mwanzi, vyote ni ukoo mmoja na nyasi.

"Umesikia, mwenyekiti?" Biasha akasema. "Asubuhi umekunywa uji wa nyasi. Mchana utakula ugali wa nyasi. Pori umelibeba tumboni, ila langu tu ndilo unaloliona."

Tulicheka. Lakini kicheko hakiandikiwi hati. Imrani akakata shauri palepale: mvua zijazo zikianza kabla Biasha hajapanda mazao yanayoeleweka, eneo lihesabiwe pori la kijiji, apewe Kaimu ambaye tayari ana miti yake humo.

Tulipofika nyumbani Biasha alikaa kwenye mkeka akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia tangu tumzike Hasani. Nilikasirika kuliko yeye. Nyasi zile nilizicheka mimi, tena kwa haki yangu ya uwifi. Kaimu nani alimpa haki hiyo?

"Panda basi hata mtama," nikamwambia. "Mistari miwili, uwafumbe macho."

"Nikipanda mtama nitakuwa nimekubali kwamba hapakuwa na kitu," akasema.

Kiangazi kile watu walichoma moto kama waliolipwa. Aliyesafisha shamba alichoma, aliyewinda panya alichoma, na asiyekuwa na kazi alichoma kuona wenzake wanachoma nini. Biasha alikuwa amelima njia ya kuzuia moto kuzunguka uwanda wake, akailinda kwa jembe na matusi. Shule zilipofunga, mvua bado hazijafika, nyasi zilizobaki zimesimama kutoka kwetu hadi mbali sana zilikuwa zake tu.

Na ndipo kijiji kikakumbuka kwamba kuna jando. Wajukuu wa Kaimu walikuwamo, na mtoto wa Imrani. Wavulana hukaa kumbini, banda la jando, mpaka wapone na wafundwe, na siku ya kutoka kumbi huchomwa moto, nao hurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Kaimu, kwa ufahari, akajitolea mabati yake ya zamani. Yakaezekwa, yakapigwa picha kwa simu, yakasifiwa. Kisha akafika ngariba, Mzee Bakary, akalizunguka kumbi, akaligonga bati kwa fimbo. Likalia.

"Siku ya kutoka," akauliza, "hiki tutakichomaje?"

Watu wakaitazama misumari ya bati.

"Hawa watoto watatoka jandoni, utoto wao utabaki hapa na misumari yake. Nendeni mkatafute nyasi."

"Nyasi zipo kwa Biasha tu," mtu akasema.

"Pale ni porini," Kaimu akawahi. "Tunakata tu."

Mzee Bakary akamtazama. "Kama ni pori, kateni. Kama ni la mtu, ombeni. Lakini kumbi halijengwi kwa kitu cha wizi, na mimi sishiki kisu mpaka mniambie ni lipi. Tena mniambie mbele ya kina mama wa hawa watoto."

Kina mama wakamgeukia Kaimu. Binti yake mwenyewe alikuwa mbele.

Nilikuwa uwandani na Biasha tulipowaona wanakuja: Imrani, wajumbe, na Kaimu nyuma akiburuta miguu. Biasha akanivuta tukachuchumaa ndani ya nyasi. Wakasimama kwenye njia ya moto wakanong'ona. Porini mtu hapigi hodi. Huingia na panga lake. Hakuna aliyeinua mguu.

"Hodi," akasema Kaimu, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Biasha akanikonyeza, akaimba kutoka mafichoni:

*Waniita mimi pori, na juu nakufunika;*
*leo waja na habari, bati haliwezi waka.*

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Hodi, Bi Biasha!"

"Mnamtafuta nani porini?" akauliza Biasha bila kuonekana.

Kaimu akamtazama Imrani. Imrani akatazama viatu vyake. Jua liliwachoma wote pale walipo, na mbele yao kulikuwa na kivuli chote cha kuezekea wavulana wao.

"Hodi," akasema Kaimu, na safari hii wote walimsikia, "hodi shambani kwako."

Biasha akasimama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti haikutikisika.

"Karibuni," akasema. "Kaimu, pita kushoto ung'oe magugu yako kwanza. Na angalia usinikanyagie mazao."