Siku Nilipomwita Fundi Idi Mwizi

Habari hii hata mke wangu nilimsimulia nusu tu, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, ila msimpelekee.

Mimi nachezaga gemu la mpira kwenye laptop (ndiyo, mtu mzima mwenye watoto wawili), na laptop yenyewe ilianza kuchemka mpaka huwezi kuipakata, feni inanguruma, halafu mechi ikikolea wachezaji wanaanza kutembea kama wamezama kwenye tope. Majirani zangu pale Kigera wakaniambia ni vumbi, peleka ikasafishwe, ila kila mmoja alikuwa na kisa chake cha fundi aliyechomoa memori nzima akarudishia mbovu. Nikawashuku mafundi wote wa Musoma kwa pamoja, nikaamua kwenda Bunda, Manyamanyama, kwa Fundi Idi ambaye shemeji yangu alimsifia sana, na mimi mtu akisifiwa sana ndiyo namshuku zaidi.

Asubuhi kabla sijaondoka nikafungua laptop kwa chini, nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu, nikadondoshea memori nukta moja. Nikajiona mjanja kweli.

Fundi Idi nilimkuta ni mtu wa makamo, mpole, akanikaribisha kwenye benchi (upole wenyewe nao nikautilia mashaka). Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka Mugeta na simu isiyoingiza chaji, tayari ameshaiweka mezani kwa fundi. Nikakodoa macho kwenye ile mikono ya fundi, anapuliza vumbi, anakwangua dawa ya kupooza joto iliyokaukia ndani, mpaka bosi wangu akanipigia simu nikatoka nje kuongea. Sikukaa sana, lakini niliporudi alikuwa ameshika memori anataka kuirudisha, nami nikaangalia nukta yangu sikuiona.

"Hii siyo yangu," nikamwambia.

"Ni yako, kaka. Nimeitoa humu humu."

"Yangu ina alama. Umeibadilisha. Wewe ni mwizi."

Nililisema kwa sauti, makusudi, na watu wa vibanda vya jirani wakasogea. Yule mama akachukua simu yake mezani akaondoka. Fundi wala hakubishana. Aliinama, akamwaga kopo la takataka juu ya meza, akachambua vipande vya pamba mpaka akapata kimoja chekundu, akakiinua watu wote wakione.

"Nilidhani ni uchafu umegandia, nikaufuta kwa spiriti," akasema. "Kumbe ndiyo alama yako, rangi ya kucha?"

Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na mimi kwa ubishi nikainusa ile pamba. Ilikuwa rangi ya kucha.

Fundi Idi yeye hakucheka. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, yule mama akifika Mugeta atawaambia nini watu kuhusu yeye. Hapo ndipo nilipotoka mbio hadi stendi, nikamkuta anapanda gari, nikaanza kumweleza habari ya nukta na pamba na spiriti huku abiria wote wameshusha vioo wanasikiliza. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka usoni.

"Sasa wewe nikuamini kwa lipi?" akaniuliza. "Labda mko pamoja."

Akafunga mlango, gari likaondoka.

Nikarudi peke yangu. Laptop ilikuwa tayari, gemu linakwenda bila kukwama, lakini fundi alikuwa hajafunga mfuniko, akaniambia nikague kwanza kila kitu. Nikasema hakuna haja, kaka, nimekosa, nisamehe. Akasema ameshanisamehe, ila haja ipo, kisha akasimama mbali na meza, mikono nyuma, mpaka nilipomaliza kukagua mbele ya watu walewale.

Tangu siku hiyo nimeapa, kabla sijamwita mtu mwizi nitamuuliza kwanza amekuta nini na amekifanya nini, hata kama moyoni nimeshamhukumu. Laptop haichemki tena. Ila yule mama wa Mugeta, mpaka leo sijui simu yake ilitengenezwa na nani.