Jambo Limo Kofiani

Harufu ya sufu iliyolowa mvua hainipotei. Juzi mteja aliingia dukani kwangu hapa Khayega, akavua kofia ya sufu akaikamua mlangoni. Mimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo halina mwenzake kutoka hapa hadi Shinyalu, nikaacha kupima misumari. Nilimwona Mama Vera akilini, kama nilivyomjua nikiwa mtoto.

Mama Vera alikuwa Mrusi. Jirani yetu, daktari wa mifugo, alisomea kwao akarudi naye, kisha akafariki akamwacha na mtoto mdogo. Mama huyu alikuwa muuguzi, lakini hospitali moja mjini ilikuwa imemkataa kwa sababu ya Kiingereza. Wakubwa walimhoji kwa misemo yao, yeye akabaki kuwatazama. Kisimani wanawake walinong'ona kwamba akikataliwa tena, atarudi kwao.

Basi akajifunza. Jamani, yule mama alijua kujifunza! Alikuwa na kitabu cha misemo ya Kiingereza, maana zake kwa Kirusi, lakini hakukariri tu kama sisi shuleni. Jioni nikimpelekea maziwa, alinikalisha jikoni, akachambua maharagwe huku akiniigizia msemo kwa mikono na macho mpaka niuelewe. Nisipoelewa, alisema, "Bado. Basi mimi pia sijajua." Kisha alinipa wa Kirusi unaofanana nao, nami nikamtafutia wa Kiluhya.

Mmoja ulitugombanisha. Mwingereza akiwa na hakika jambo limefaulu, husema limo mfukoni.

"Kwetu," akasema, akivua ile kofia yake ya sufu asiyoiacha hata jua la Januari, "jambo limo kofiani."

"Mama Vera, kofia haina kifuniko! Si litaanguka?"

"Na mfuko wako umetoboka. Njugu nilizokupa jana, zilifika nyumbani?"

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kuniita, alicheka hadi akashika mlango.

Siku ya mahojiano mengine mjini mama yangu alimwazima viatu vyake vya kanisani. Mchana mvua ikashuka kama kawaida yake huku kwetu. Tulimngojea barazani, akaja amelowa chapachapa, viatu mkononi.

"Mama Vera, wamesemaje?" mama akauliza.

Alinijia mimi, akavua kofia, akachungulia ndani yake, akanionyesha, kisha akanivika ikidondosha maji.

"Amepata!" nikapiga kelele. "Mama, amepata kazi!"

Mama akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Siku ile nilijivunia ujanja wangu tu. Shule niliachia darasa la saba, lakini leo nanunua bati kwa Mchina na saruji kwa Mhindi bila kumwogopa mtu, na ni katika kuhangaika na lugha za watu ndipo nilipoelewa. Kiingereza alichokipigania kilimfanyia kazi kule mjini. Furaha aliileta nyumbani kwa lugha yake, na tangu amzike mumewe hakuwa na wa kumwambia akaelewa.

Khayega nzima, mtu wa kumsikia alikuwa mimi.